Apu ya AI niliyoilipia miezi minne, na kesi ya mama mahamri

Nyota tatu kati ya tano, na hiyo ya tatu nimeipa kwa kuona haya tu.

Mimi nina saiba Kisauni, Mombasa, kompyuta nne na printa mbili, moja yapiga nyingine yatafuna karatasi, na kazi zangu ni zile zile za saiba yoyote: ritani za kodi za KRA, e-Citizen, CV, barua za kuomba kazi, kopi za kitambulisho. Nilianza na hizi apu za akili bandia za bure, zile unauliza yajibu, halafu wateja wa barua wakazidi nikasema wacha nilipie. Dola 20 kwa mwezi, kwa pesa zetu yacheza elfu mbili na mia sita hivi, na sasa nimelipa miezi minne. Jina sitaitaja maana mengine nitakayosema si mazuri na sitaki kuandikiwa barua ya wakili, tena hiyo barua yenyewe huenda ikawa imeandikwa na hiyo hiyo apu.

Kwa barua za kawaida haina mpinzani, niseme ukweli. Kijana anataka kazi ya askari wa geti, sekunde kumi barua imetoka, imenyooka, haina kosa. Kiswahili chake kimenyooka hadi kinatia wasiwasi, kama mtangazaji wa taarifa ya habari, kuna mzee alinisomea barua yake mwenyewe akaniuliza "hii nimeandika mimi?" Nikampunguzia manjonjo kwa mkono. Bando haili sana, kwenye simu pia yaenda, stima ikikatika naendelea tu. Kama kazi yako ni hizo, lipia, usinisikilize mimi.

Shida yangu ilianza na Katiba.

Pale stejini kuna mama anauza mahamri na mbaazi, namwita mamangu kwa sababu amenilisha kwa deni tangu sijaoa. Mtaji wake wa unga na mafuta anakopa kwenye apu moja ya mikopo ya simu, hiyo pia siitaji. Elfu tatu analipa, elfu tano analipa, hajawahi kuchelewesha hata siku. Asubuhi moja kaomba kama kawaida akajibiwa "Samahani, kwa sasa hujafuzu." Kesho yake vilevile. Akapiga kasta kea, msichana akamwambia "Mama, ni sistimu." Basi akaja kwangu na simu yake imefungwa raba bendi, akakaa, akasema: "Mwanangu, huyu Sistimu ni nani? Nataka kumwandikia."

Nikacheka kwanza, halafu nikaona swali lenyewe si la kuchekwa.

Nikaifungua apu nikaiuliza kwa Kiswahili, nikaandika kabisa niko Mombasa, mtu akinyimwa mkopo na kompyuta bila kuambiwa sababu Katiba inasemaje. Ikaniletea Ibara ya 16, haki ya faragha, Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977. Mama wa Kisauni kapelekwa Dodoma! Nikarudia, ikaomba radhi, ikachanganya Katiba mbili zote, ya Tanzania na ya Kenya, kwenye aya moja. Nikauliza swali hilo hilo kwa Kiingereza, papo hapo ikanipa Katiba ya Kenya ya 2010, vifungu vyake, vizuri kabisa. Yaani ikisikia Kiswahili inajua tu wewe ni Mtanzania. Ndugu zetu wa Tanga na Dar hawatasikia uchungu hapo, lakini huku kwetu Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sasa mwananchi anayeuliza haki yake kwa lugha ya taifa anapewa jibu bovu na anayeuliza kwa Kiingereza anapewa jibu zuri, pesa wamelipa sawa. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na lugha imetajwa humo kwa jina. Huyu wa apu ya AI anafungwa na hicho kifungu ama hafungwi? Nitarudi hapo.

Jambo la pili, namba. Hii ni ndogo lakini ndiyo iliyonifanya niache kuiamini. Katiba yetu ina Kifungu cha 31, faragha, na cha 35, haki ya kupata habari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo ina kifungu cha 31, kile cha kufanya tathmini ya athari kabla hujaanza kukusanya data ya watu kwa njia yenye hatari, na cha 35, ambacho ndicho hasa cha mama: maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Namba zimegongana. Apu ikazipika chungu kimoja, ikaandika kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mama haki ya kutoamuliwa na kompyuta. Hakimpi. Katiba ya 2010 haina neno kompyuta kwenye haki hizo, walioiandika hawakuwa na wazo kuna siku Sistimu atakataa kumkopesha mtu unga. Kama si kwamba nina nakala ya Katiba saibani, imechakaa kwa kukopwa, ningeiprinti hivyo hivyo.

Na ya tatu ndiyo ilinitoa jasho. Nikaiomba kesi, maana barua ikiwa na kesi inasomwa kwa heshima. Ikanipa: jina la mlalamishi, mwaka, namba ya petisheni, hadi jina la jaji na aya aliyoyasema hayo. Tamu kweli. Nikaingia tovuti ya Kenya Law, ni bure, hukumu zimo humo, nikatafuta kwa jina hakuna, kwa namba hakuna. Nikairudia apu nikaiambia kesi hii haipo. "Samahani kwa mkanganyiko, uko sahihi," halafu ikanipa nyingine. Nayo haipo. Mimi ni mtu wa saiba naweza kusamehewa, lakini wako mawakili walioingia mtego huu huu, New York mwaka 2023 katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, wakapeleka kortini kesi za kubuni walizopewa na ChatGPT, tena mmoja wao aliiuliza ile mashine kama kesi ni ya kweli ikamwambia ndiyo. Jaji Kevin Castel akawapiga faini ya dola 5,000. Sasa fikiria mtu asiyekuwa na wakili. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema ukidai haki yako imevunjwa unaenda mahakamani mwenyewe, hulipishwi ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na korti ikibidi ipokee hata karatasi isiyo rasmi. Mlango umeachwa wazi makusudi kwa watu kama mama. Halafu mama anaingia mlango huo na kesi ya uongo mkononi aliyopewa na mashine, na yeye ndiye atakayeonekana mwongo. (Hiki cha 22 apu haikunitajia hata mara moja. Iliniambia nitafute wakili.)

Haya, turudi kwa swali la mama, Sistimu ni nani.

Nilikaa nalo usiku mzima na apu, maana ukishaijua tabia yake, ukaitafutia kifungu wewe na kuipesti maneno yenyewe, inakuwa msaidizi mzuri. Kifungu cha 20 chasema haki hizi zinafunga vyombo vyote vya dola na watu wote. Cha 260 kinaeleza mtu ni pamoja na kampuni. Kwa hiyo Sistimu si mtu, lakini mwenye Sistimu ni mtu, na hawezi kujificha nyuma yake. Cha 46 kinampa mteja haki ya kupata maelezo anayohitaji afaidi huduma, na kimesema wazi ni huduma za serikali na za watu binafsi. Cha 47 kinasema hatua ya kiutawala ikigusa haki yako upewe sababu kwa maandishi. Hapo mtabishana, mtaniambia kampuni ya mikopo si serikali, nami nitawaambia someni ile sheria ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho, imewafikia hata wasio serikali ikiwa uamuzi wao unagusa haki ya mtu. Mawakili mkae mlumbane, mimi nauza kopi shilingi tano.

Ila hata ukishinda hoja hiyo, ugumu ni huu: sababu yenyewe iko wapi? Mashine ya mikopo haina sababu kama wewe na mimi tunavyokuwa na sababu. Imepewa historia za watu wengi waliolipa na waliokimbia, imejifunza dalili, sasa inachukua miamala yako, mara ngapi unatoa pesa, unaweka saa ngapi, inakupa namba, ukiwa chini ya mstari nje. Mama huyu anapokea sarafu mkononi, M-Pesa yake haina mengi, labda ndiyo imemponza, labda laini yake, labda kitu ambacho hata aliyeiunda hawezi kukuonyesha kwa kidole. Ukimlazimisha akuandikie sababu atakuandikia hadithi.

Wamarekani walishagongana na ukuta huu. Wisconsin, bwana anaitwa Eric Loomis akahukumiwa miaka sita, na jaji alikuwa ameangalia ripoti ya programu inaitwa COMPAS iliyomweka kundi la hatari kubwa ya kurudia makosa. Akasema nionyesheni hiyo hesabu, kampuni ikasema fomula ni siri ya biashara. Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo mwaka 2016 ikasema jaji anaruhusiwa kuitumia, lakini aandikiwe maonyo, na isiwe ndiyo ya kuamua. Maonyo! Kama yale ya kwenye pakiti ya sigara. Mimi nilipoisoma hiyo niliwaza huku kwetu Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kujua ushahidi wa upande wa mashtaka mapema na kuupinga, sasa namba iliyotoka kwenye sanduku lililofungwa utaipingaje, utaiuliza nini kizimbani?

Nikaijaribu apu na maswali ya hapa nyumbani nione ina akili kiasi gani. Huduma Namba, ile namba moja na kadi ya serikali ya kumtambua kila mtu, ilipata vizuri. Mwaka 2019 tulipanga foleni, mimi mwenyewe nilikuwa napiga kopi za watu hadi usiku, halafu tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakasema kukusanya DNA na kujua mahali mtu anapoishi kwa GPS kunavunja faragha, na mradi usiendelee mpaka kuwe na kanuni za kutosha. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akazitupa kadi zenyewe kwa sababu ile tathmini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Data haikufanywa. Haya yote ilinipa bila kukosea, nikaipigia makofi.

Kwa Worldcoin, wale waliokuwa wakipiga watu picha ya jicho, apu ikaanguka. Shemeji yangu alipanga foleni kwenye jumba la KICC, Nairobi, Agosti 2023, akatazama ile tufe ikampiga picha ya mboni, kapewa sarafu za kidijitali za kama shilingi elfu saba akanunua sufuria na gesi. Serikali ikasimamisha tarehe 2 mwezi huo huo. Apu ikaniambia "uchunguzi unaendelea." Uchunguzi gani, Mei 2025 Mahakama Kuu imeshaamua, Jaji Roselyne Aburili akaagiza zile data za mboni zifutwe. Ila swali ambalo shemeji aliniuliza apu haikulijibu na mimi sina jibu: ikiwa mashine tayari ilijifunza kwa jicho langu, wakifuta picha, kile ilichojifunza kinafutika? Korti inaagiza faili lifutwe. Fundisho je?

Halafu kuna ile ya Facebook, hii ndiyo ninayoifuatilia kuliko zote. Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia Ethiopia, aliuawa Novemba 2021 baada ya kuandikwa vibaya kwenye Facebook. Mwanawe na wenzake, pamoja na shirika la Katiba Institute, wakashtaki Nairobi mwaka 2022, wakidai algorithimu ya ile kampuni ndiyo iliyoyasukuma maneno ya chuki yawafikie watu wengi. Kampuni ikasema mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yetu. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema inayo. Ona basi: aliyekufa ni Mwethiopia, kampuni ni ya Marekani, na Katiba inayoulizwa ni yetu. Mtu akichapisha ni uhuru wa kujieleza, Kifungu cha 33, kina mipaka yake na chuki imo. Je mashine inayochagua nani aone nini, inajieleza? Ama ni kama mtu wa kipaza sauti aliyepita mtaani akirudia maneno ya mwengine kwa sauti mara elfu? Nilipoiuliza apu ikanipa "kwa upande mmoja, kwa upande mwingine", aya sita, mwisho hujui kama umekula ama umenawa tu.

Sifa zake nazo nisizile. Juni 2024 wakati wa Mswada wa Fedha, vijana walitengeneza chatboti ya kuueleza ule mswada, na watu waliokuwa hawajawahi kufungua mswada maishani wakaja saibani wakiniuliza kipengele cha mkate na cha magari. Ushirikishwaji wa umma, Kifungu cha 118, nilikuwa nausikia tu kwenye redio, mwaka ule niliuona na macho. Lakini tangu hapo naletewa na kitu kingine: vijana wanakuja kuprinti maoni ya kupeleka bungeni ama kaunti, kumi na tano wamekuja mbali mbali, barua ni moja, "Napenda kuwasilisha wasiwasi wangu mkubwa kuhusu", neno kwa neno, imebadilishwa jina tu. Haya ni maoni ya watu kumi na tano ama ni ya mashine moja? Karani wa bunge akizitupa zote atakuwa amekosea, na akizihesabu zote je? Mimi nimeziprinti zote, shilingi kumi kila ukurasa.

Binamu yangu wa Tanga anasema kwao Mahakama imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba kunukuu na kutafsiri yanayosemwa kortini, jaji anapumzisha mkono. Hilo nalipenda, majaji wetu wengi wangali wanaandika kwa kalamu huku shahidi anasubiri. Naogopa tu Kiswahili cha nani kitanukuliwa. Mama mahamri akisema "sikumpa, hakutwaa", mashine iliyofundwa na taarifa ya habari itaandika nini?

Barua ya mama hatimaye niliitengeneza nusu mimi nusu apu. Tukaegemea kifungu cha 35 cha Sheria ya Data, hicho cha kweli: ukiamuliwa na mashine peke yake jambo linalokugusa sana, uandikiwe ujue kwamba ni mashine, na una haki kuomba uamuzi uangaliwe upya ama ufanywe mwingine usio wa mashine peke yake. Najua wana upenyo, ule wa "ulibonyeza nakubali", na mama alibonyeza, nani habonyezi. Lakini kule kujulishwa wanadaiwa hata hivyo. Nikaituma kwa imeili saa mbili na dakika arubaini usiku nikiwa nafunga. Sijamaliza kushusha mlango wa bati simu ikalia. "Ndugu Mteja, tumelipitia ombi lako upya kwa makini. Kwa sasa hujafuzu."

Asubuhi nikamsomea. Akanisikiliza, mikono ina unga.

"Kwa makini. Dakika ngapi?"

"Mbili, mama. Labda tatu."

"Mimi unga wangu naulaza usiku kucha uumuke."

Nikamwambia iko ofisi ya Kamishna wa Data, malalamiko hayalipiwi, sheria inawapa siku 90 wamalize kuchunguza. Akauliza huko yuko mtu. Nikamwambia yuko. Akaitazama kompyuta yangu, nilikuwa nishaifungua apu nianze kuandika, akasema "Huyo muache. Andika wewe."

Nikaandika kwa mkono wangu, nusu saa nzima, tahajia nimekosea mbili nikazirudia. Amenilipa mahamri manne. Na tarehe 14 apu itajikatia dola 20 zake, kadi sijaitoa bado.